Kupunguza matiti: kabla hujanitajia saizi ya sidiria

Wengi wakiketi mbele yangu huanza na saizi ya sidiria wanayoitaka. Mimi huanza na chuchu. Titi zito hushuka na chuchu yake, kwa hiyo nikishatoa nyama na mafuta yaliyozidi lazima niipandishe, na kwa kawaida naipandisha bila kuitenganisha na mwili: hubaki imeshikiliwa na kipande cha nyama chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kipande hicho ndicho kinachoniwekea mpaka wa kupunguza. Siahidi saizi.

Ndiyo maana sina mzaha na sigara. Nikotini hubana mishipa, na chuchu iliyokosa damu hufa. Acha angalau wiki 4 kabla, na usirudie hadi vidonda vifunge.

Siku yenyewe nakuchora kwa kalamu ukiwa umesimama, maana ukilala titi humwagikia kwapani na vipimo vyote hupotea. Baadaye ni nusu kaputi, na upasuaji huchukua muda wa saa 2 hadi 4.

Maumivu huwa madogo kuliko hofu iliyoyatangulia. Wapo wanaouhisi wepesi wa mabega hata kabla bandeji hazijatoka. Lakini titi moja likivimba ghafla na kukaza, usingoje kukuche: huenda damu inavujia ndani.

Mshono wa kawaida huzunguka chuchu, hushuka wima, kisha hukutana na ule wa chini ya titi, kama nanga. Hapo inapokutana ngozi huvutwa zaidi, na ndipo kidonda hupenda kuachia kidogo wiki ya pili au ya tatu. Simu za namna hiyo nimezizoea. Mara nyingi hufunga kwa kusafishwa na kubadilishiwa bandeji tu.

Sidiria isiyo na waya utalala nayo wiki kadhaa, na mizigo utawaachia wengine, mtoto wa kubebwa akiwemo. Kama ngozi yako huota keloidi, yaani makovu manene yaliyovimba, niambie mapema. Chuchu inaweza kufa ganzi, na maziwa yanaweza kupungua. Anayetarajia kunyonyesha alifikirie hilo kwanza. Ukipata mimba au ukinenepa, matiti yanaweza kukua tena.

Nilichotoa nakipima kwenye mizani, kila titi peke yake, kisha kinapelekwa maabara kuangaliwa kama kuna saratani. Majibu hayo njoo uyachukue, hata kama umeshapona.