Nje Imeungua, Ndani Mbichi: Kuchoma Nyama Nyumbani Wikendi ya Sikukuu

Kuku mwenye ngozi nyeusi na mfupa wenye damu kwa kawaida ametiwa jikoni mapema mno. Mkaa unaotoa miali haujawa moto wa kuchomea. Usubiri dakika 20 hadi 30, miali ikatike na vipande vivikwe jivu. Kisha yasukume makaa yote upande mmoja, upande wa pili ubaki mtupu. Paja la kuku lianzie huko kwenye utupu, jiko limefunikwa, kwa nusu saa hivi, ndipo lihamie juu ya makaa kwa dakika chache lipate rangi. Mchuzi wenye sukari au asali upakwe mwishoni kabisa, kwa kuwa sukari huungua upesi kuliko nyama inavyoiva.

Mafuta yakidondoka na miali ikaruka, sogeza nyama upande usio na makaa na ufunike jiko. Usimwage maji: hugeuka mvuke ghafla na kurusha mafuta ya moto. Usiikandamize kwa mwiko nyama ya kusaga iliyo kwenye wavu. Ule mchachatiko unaopendeza masikioni ni maji ya nyama yanayokwisha, na mafuta yanayolisha miali.

Imeiva au bado? Rangi hudanganya. Nyama ya kusaga huweza kuwa kahawia kabla haijawa salama, na kuku aliyeiva vizuri huweza kubaki na wekundu karibu na mfupa. Tumia kipimajoto cha nyama. Ncha yake iingie katikati ya sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa, la sivyo kipimo kitapotoka. Kuku afike nyuzijoto 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71. Kipande kizima cha ng'ombe, mbuzi au kondoo kinatosha kwa 63, mradi kipumzike dakika 3 kabla ya kukatwa. Tofauti hiyo ina sababu yake: katika kipande kizima bakteria hukaa zaidi juu, mahali ambapo moto huwafikia kwanza. Mashine ya kusaga huwachanganya hadi ndani.

Kazi ya usalama huanza siku moja kabla. Nyama iliyoganda iyeyuke ndani ya friji. Kuku wa kilo 2 anahitaji takriban saa 24. Kuilowesha kwenye viungo nako kufanyike ndani ya friji. Kuku mbichi asioshwe, kwani matone hurukia sinki, vyombo na kachumbari iliyo jirani. Andaa sahani mbili na koleo mbili, za nyama mbichi na za iliyoiva. Hapa ndipo hata wachomaji hodari huteleza: nyama inaiva vizuri, kisha inarudishwa kwenye sahani ileile iliyoileta. Mchuzi uliolowesha nyama mbichi usipakwe kwenye nyama iliyoiva kabla ya kuchemshwa ukatokota. Chakula kilichoiva kisikae mezani zaidi ya saa 2, au saa 1 joto la hewa likizidi nyuzi 32.

Jiko liwe nje, angalau mita 3 kutoka ukutani, mbali na matawi na kamba za nguo. Mvua ikinyesha, ahirisha. Kuliingiza jiko la mkaa ndani, au kwenye gereji hata yenye mlango wazi, ni hatari ya kifo. Makaa hutoa kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na yanayofifia huendelea kuitoa. Mafuta ya kuwashia hayaongezwi kwenye mkaa ulioshika moto, na petroli haitumiki kamwe. Kwenye jiko la gesi, paka maji ya sabuni kwenye mpira na maungio. Povu likivimba, gesi inavuja, funga mtungi. Fungua kifuniko kabla ya kuwasha. Moto ukikataa, funga gesi na usubiri dakika 5 ndipo ujaribu tena.

Aliyeungua apoze jeraha kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, dawa ya meno wala mafuta.

Jivu lisitupwe usiku uleule kwenye pipa la plastiki. Limwagie maji, likoroge, limwagie tena. Au liache kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko kwa saa 48, kwa kuwa kaa moja lililojificha chini ya jivu huweza kubaki hai hadi kesho yake.