Infildi flai: sheria niliyoielewa baada ya kunyamaza

Huu ni msimu wangu wa nne nikijitolea kuchezesha besiboli ya watoto, Little League, hapa Marekani. Wazazi wenzangu waliokulia kwenye soka kama mimi huniuliza ni sheria gani ilinisumbua kuliko zote. Ni infildi flai, sheria ya mpira unaopaa juu karibu na besi, yaani vituo ambavyo wakimbiaji huvifikia kwa zamu.

Mechi yangu ya pili, watoto wa miaka 11 na 12. Mkimbiaji mmoja yuko besi ya kwanza, mwingine ya pili, na hakuna aliyetolewa. Mpigaji akaupiga mpira ukapaa wima, juu kabisa ya mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu. Mimi nikaukodolea macho mpira. Ukagonga glavu ya yule mtoto, ukaanguka. Akauokota, akautupa besi ya tatu, na kutoka hapo ukarushwa ya pili. Mpira ulifika kwenye besi hizo kabla ya wakimbiaji, kwa hiyo wawili nje, yaani wametolewa, kwa mpigo mmoja. Wakimbiaji wakabaki wameduwaa, mmoja machozi yakimlengalenga, kwa sababu walifanya kile hasa walichofundishwa: mpira ukiwa hewani, usiiache besi yako mbali. Kocha wao akanijia taratibu, akauliza, "Mwamuzi, umetamka nini?"

Sikuwa nimetamka kitu. Nikamwita mwamuzi mwenzangu, tukashauriana kando, tukaamua: mpigaji ametolewa, wakimbiaji warudi kwenye besi zao.

Usiku ule nilirudia kitabu cha sheria nikiwa na swali moja: hii iliwekwa kumzuia nani? Imekuwepo tangu mwaka 1895, na ilikuja kuzima ujanja. Mpira ukidakwa, mkimbiaji lazima awe kwenye besi yake. Usipodakwa, lazima akimbie mbele, maana mpigaji anakuja nyuma yake. Basi mlinzi mjanja aliuangusha makusudi mpira ambao angeudaka hata usingizini, akawanasa wawili waliokuwa wakisubiri. Sheria inamwondolea faida hiyo: mwamuzi akishapaza sauti, mpigaji ametolewa, mpira udakwe usidakwe. Wakimbiaji hawalazimiki tena kwenda popote; wakienda, wanajihatarisha wenyewe.

Masharti yake: waliotolewa hawajafika wawili, kuna wakimbiaji besi ya kwanza na ya pili, au zote tatu, na mpira ni wa juu, ndani ya mistari, ambao mlinzi wa ndani, anayelinda karibu na besi, anaweza kuudaka kwa juhudi za kawaida. Mpira uliopigwa bapa haumo, wala ule wa kugusisha gongo tu. Watu wengi hudhani mpira ukivuka mpaka wa nyasi, pale udongo wa karibu na besi unapoishia, sheria haipo. Mpaka huo hauhusiki kabisa.

Kazi iko kwenye hayo maneno, "juhudi za kawaida". Kawaida ya nani? Mtoto wa miaka 9 huzunguka chini ya mpira kama kuku aliyepotezwa na upepo, na kwake hakuna mpira mwepesi. Naamini ni lazima tumpime kwa umri wake, si kwa tunayoyaona kwenye televisheni. Kwa hiyo siku hizi mpira ukifika kileleni naacha kuutazama, namtazama mlinzi. Akiwa ametulia, miguu imesimama, uso juu, nanyoosha mkono wa kulia angani na kupaza sauti: "Infildi flai, mpigaji ametolewa!" Ukiwa karibu na mstari naongeza, "ikiwa ni halali," yaani ukibaki ndani ya mistari.

Televisheni hiyo hiyo ndiyo inayoleta kelele za wazazi kuhusu straiki, mrusho unaopita eneo linalotakiwa na kuhesabiwa dhidi ya mpigaji. Pleti, bamba la chini ambalo mpigaji husimama kando yake, ina upana wa inchi 17, kama sentimita 43, kwa wote. Lakini kwa Little League eneo la straiki linaanzia kwapani hadi juu ya magoti, kwa hiyo linabadilika na kila mtoto anayesimama. Na tafadhali, mzazi mwenzangu, usinipigie kelele kwamba mikono ni sehemu ya gongo; si sehemu yake. Mtoto akigongwa vidole na mpira, mchezo unasimama, nasi tunavitazama vidole kwanza.

Kosa la siku ile limeniachia desturi. Kila besi ya kwanza na ya pili zinapokuwa na watu, namtazama mwenzangu na kugusa ukingo wa kofia. Naye akigusa wake, ndipo namwashiria mrushaji aanze.