GB nyingi haziifanyi kadi ya michoro kuwa na kasi

Anayeunga kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo huambiwa mapema: angalia kadi ya michoro ina GB (gigabaiti) ngapi za memori, zikiwa nyingi, umepata kitu. Imani hii ni ya miaka mingi, na maboksi yenyewe huichochea, maana tarakimu ya GB huchapishwa kubwa mahali pa kuonekana.

GB hizo ni nafasi tu ya kuweka data ya picha ambazo gemu inazihitaji kwa wakati huo. Anayechora ni chipu, na chipu hutegemea memori iifikishie data upesi. Chukua kadi iitwayo GeForce GT 1030. Ilitoka 2017 ikiwa na GB 2 za memori ya aina ya GDDR5, zinazopitisha takriban GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo jingine: jina lilelile, GB 2 zilezile, ila memori ni DDR4 inayopitisha takriban GB 17 tu. Kwenye gemu, toleo hili huachwa mbali. Ndiyo maana maandishi madogo ya boksi yana faida kuliko yale makubwa.

Nafasi nayo ina umuhimu wake, sikatai. Ikijaa, data hulazimika kwenda na kurudi kwenye RAM ya kompyuta, na gemu hukwamakwama. Lakini anza na jina kamili la chipu na aina ya memori, kisha tazama majaribio ya gemu unazocheza wewe. GB zilinganishe mwishoni, kati ya kadi zenye chipu ileile.