Anticrético ya Bolivia si upangaji wa kawaida

Wafasiri wengi wakikutana na neno anticrético katika mkataba wa nyumba kutoka Bolivia huandika "lease" kwa Kiingereza, wakidhani ni upangaji tu. Sivyo. Tuseme mtu wa La Paz anamkabidhi mwenye nyumba dola 30,000, anaishi humo miaka miwili bila kulipa kodi hata senti moja, na siku ya kurudisha funguo anarudishiwa dola zake zote 30,000. Fedha ile ni mkopo. Kuishi mle ndiko kunakoshika nafasi ya riba.

Ukiandika "lease", msomaji ataona kodi iliyolipwa mapema, pesa iliyokwisha kuliwa, na haki ya mtu kudai chake inapotea kwenye karatasi. "Mortgage" nayo inapotosha: benki haihamii nyumbani kwa mdaiwa wake. Neno la Kiingereza lipo, antichresis, na Louisiana, jimbo la Marekani, ilikuwa nalo katika sheria zake za kiraia. Liweke hilo, kisha ulieleze kwa sentensi moja. Na tafadhali usiiruke mistari inayotaja hati ya mthibitishaji na usajili wa Derechos Reales, yaani ofisi ya Bolivia inayosajili haki za nyumba na ardhi. Ndiyo inayomlinda aliyetoa pesa wadai wengine wakijitokeza.