Hilo si yai, ni lava

Maabara moja hapa Dar es Salaam ina chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia vielelezo, yenye kipande cha nyama ya nguruwe. Kila anayeinama kuitazama huona vipunje vyeupe ndani ya msuli na kusema, "Mayai ya tegu." Wachoma kitimoto nao husema hivyohivyo. Nimelisikia mno.

Lava ya tegu ni mnyoo mchanga aliyekwisha kutoka kwenye yai, akatulia mwilini mwa mnyama akisubiri kuliwa.

Yai lenyewe hulioni bila hadubini. Upana wake haufiki milimita 0.05. Kipunje cha kwenye chupa kina milimita 5 hadi 10. Wataalamu hukiita sistisekasi, kutoka Kigiriki: kystis ni kibofu, kerkos ni mkia. Na kweli ni kibofu. Kikiwa kibichi kina maji maangavu na nukta nyeupe, ambayo ni kichwa kilichojikunja kuelekea ndani. Neno lava nalo ni la Kilatini, maana yake mzimu au kinyago. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga majina ya viumbe, alilitumia kwa wadudu wachanga kwa kuwa sura ya mdudu mzima imefichika ndani yao. Fomalini huongeza kinyago cha pili: maji huchafuka, ngozi hugeuka nyeupe, nukta hupotea. Hapo ndipo macho hudanganyika.

Basi kipasue, toa kichwa, kibanye kati ya vioo viwili, tazama. Vinyonyeo vinne na duara mbili za kulabu, kwa kawaida 22 hadi 32, ni tegu wa nguruwe. Vinyonyeo bila kulabu ni wa ng'ombe. Ukikuta vichwa vingi ndani ya kibofu kimoja, hao ni wengine kabisa.

Kinachoniuma ni hiki. Ukila lava kwenye nyama isiyoiva, unafuga tegu utumboni. Ukimeza yai, lililotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, lava huota mwilini mwako wewe, hata kwenye ubongo, na kifafa huweza kufuata. Anayeamini mayai yamo kwenye nyama huikausha motoni, kisha anakula kachumbari isiyooshwa vizuri. Na asiyegusa nguruwe maisha yake yote hudhani hayamhusu.

Kwa hiyo ukiinama tena kwenye ile chupa, sema lava. Hata ukisema "kibofu cha tegu" nitakuelewa.