Saruji haiimarishi nyumba ya mawe

Wiki hii nimeambiwa tena, na mwenye nyumba mwingine wa Mji Mkongwe, Zanzibar: "Fundi, bandua hiyo chokaa tupige lipu ya saruji, nyumba ipate nguvu." Maneno hayo nayasikia Shangani, Kiponda, Malindi na Mkunazini, na yanazimaliza nyumba zetu polepole. Leo nayajibu kwa maandishi, atakayeniuliza tena nimpe asome.

Twende kwanza Barabara ya Mizingani, kwenye jengo la Zahanati ya Zamani. Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya Kihindi, aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887, kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria kwenye kiti. Alifariki 1891, jengo likakamilika 1894. Wageni hupiga picha zile roshani za mbao zilizochongwa wakaondoka. Mimi naangalia kilicho nyuma ya mbao: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, yakipigwa na upepo wa chumvi kwa zaidi ya miaka 100.

Ukuta wa namna ile hunywa maji. Huyavuta kutoka ardhini, huyapokea ya mvua, kisha jua na upepo huyatoa kupitia chokaa. Maji yakiingia na kutoka, ukuta unaishi. Ukiupaka saruji umeziba njia ya kutokea, lakini ya kuingilia, chini ya msingi, iko wazi vilevile. Kwa hiyo unyevu unapanda. Ulikuwa unaishia magotini, sasa unafika kifuani, halafu darini, na huko ndiko ziliko ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ndani ya ukuta. Ncha zinaoza gizani, mchwa wanaingia, na sakafu ya juu inaegemea mti ambao umebaki ganda.

Chumvi nayo husafiri na maji. Maji yakikauka nyuma ya saruji, chumvi inaganda humo humo, inavimba na kulisaga jiwe. Ndiyo maana lipu ya saruji hudondoka vipande vikubwa, na vipande hivyo huondoka na mawe yaliyoganda navyo. Mwenye nyumba akiona hivyo husema chokaa ya zamani ilikuwa mbovu, anaagiza saruji nyingine. Hapo ndipo subira yangu inapokwisha. Mwaka wa kwanza lipu ile ilikuwa laini na nyeupe, kila mtu akaisifu. Uozo ulikuwa umeshaanza nyuma yake.

Halafu ugumu si uimara. Nyumba hizi hujongea kidogo kidogo, na chokaa hujongea nazo. Ikipata ufa mwembamba, maji huyeyusha chokaa kidogo na kuirudisha ndani ya ufa. Saruji hukatika, ufa unapokea mvua, na mvua haina pa kutokea.

Kuhusu mchanga na maji nitasema kwa ufupi: mchanga usiwe wa pwani, maji yasiwe ya chumvi. Chokaa izimwe kwa maji mapema, ikae muda mrefu kabla ya kutumika, na lipu mbichi ikingwe na jua kali.

Lakini nisiwadanganye. Chini ya ukuta, hata chokaa nzuri hubanduka. Inajitoa yenyewe ili jiwe lipone, na baada ya miaka michache unaipaka upya. Hiyo ni gharama ya kudumu, na familia inayoishi kwa kodi ya chumba kimoja siwezi kuilaumu ikishindwa. Boriti nazo zinanipa mashaka. Jengo linataka mikoko ileile, na mikoko yenyewe inahitaji kulindwa. Kuna siku naamua hivi, kuna siku vile, kulingana na nyumba iliyo mbele yangu.

Kama saruji imeshapigwa, itoe kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutikisa usiilete. Anzia chini, uache ukuta wazi kwa miezi ukauke. Dunga kila ncha ya boriti kwa bisibisi: ikizama, weka nguzo za kushikilia dari kabla ya kugusa kitu kingine. Na kabla hujanunua hata ndoo ya chokaa, panda juu utazame mfereji wa paa, maana mfereji ukivuja hakuna lipu itakayokaa.