"Cloakroom" siyo chumba cha makoti kila mahali, tuelewane

Jamani nimeletewa tena tafsiri ya tangazo la nyumba ya Uingereza yenye "chumba cha makoti" na nimeona niandike hii habari iishe, maana kazi yangu ni kutafsiri na kufundisha Kiingereza na hili neno "cloakroom" naona linaharibiwa kila kona.

Dhana inayonikera kuliko zote ndo hiyo: cloakroom ni chumba cha kutundikia makoti, kamusi imesema, basi. Kamusi haijakosea, shida ni mtu kuishia mstari wa kwanza. Ni kweli ukienda thieta au makumbusho Uingereza, cloakroom ndo pale unapokabidhi koti na begi unapewa kitiketi chenye namba, na kwenye shule za msingi za kule ni sehemu yenye ndoano ukutani ambapo watoto wanaacha makoti na mifuko yao. Lakini kwenye tangazo la kuuza au kupangisha nyumba, huko huko Uingereza, cloakroom ni CHOO. Choo kidogo, mara nyingi cha chini karibu na mlango wa kuingilia, kina bakuli na sinki la kunawia mikono, hakina bafu. Waingereza walikuwa wanakwepa kutaja choo waziwazi wakawa wanasema wanaenda cloakroom, kama sisi tunavyosema msalani au maliwatoni, na jina likaganda hadi kwa wauza vifaa vya bafuni, "cloakroom basin" ni sinki dogo la kunawia, halihusiani na koti hata kidogo.

Hebu angalia tangazo lenyewe linavyoandikwa. Chini ya kichwa Cloakroom unakuta "white two piece suite, obscured window". Sasa mfasiri ambaye ameshaamua moyoni kwamba hapa ni pa makoti akifika kwenye "two piece suite" anaona mambo yamekaa sawa kabisa, si suti ya vipande viwili hiyo, nyeupe, imetundikwa humo! Yaani kosa la kwanza linalishika mkono la pili na sentensi inasomeka vizuri tu, ndo maana hashtuki. Suite hiyo ina "e" mwishoni, ni seti ya vyombo vya choo, vipande viwili ni bakuli na sinki, na hilo dirisha "obscured" ni la kioo cha ukungu, kile ambacho mtu wa nje haoni ndani. Nani anaweka kioo cha ukungu ili koti lisionekane? Mteja anasoma tafsiri yako anahesabu choo kimoja kumbe viko viwili, ana familia kubwa, nyumba anaiacha. Hapo umegusa hela na makazi ya mtu kwa sababu hukusoma mstari unaofuata.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu, usitafsiri jina la chumba kabla hujasoma vitu vilivyomo. Kuna bomba na sinki, andika choo cha wageni, andika choo kabisa usione haya. Kuna ndoano na tiketi, andika chumba cha makoti. Kuna masanduku na risiti, hiyo ni stoo ya mizigo na hili nalo watu wengi hawalijui.

Maana ukienda stesheni za treni India utaona bango la Cloak Room, na wageni wanapita wakidhani ni choo. Ni pa kuacha mizigo, unaonyesha tiketi yako ya treni, begi liwe limefungwa kwa kufuli, unalipia, unapewa risiti. Na hawajabuni wao, Uingereza ya zamani ilikuwa hivyo hivyo. Kwenye tamthilia ya Oscar Wilde iliyoanza kuonyeshwa London mwaka 1895 kuna mtoto mchanga aliyewekwa kwenye begi na begi likaachwa cloakroom ya stesheni ya Victoria, na nimeshasoma insha za wanafunzi zinazosema mtoto alitupwa chooni. Hapana! Aliachwa kwenye mizigo, na ukishaweka choo hapo kisa chote kinapotea.

Eti neno ni "clockroom", chumba chenye saa. Hapana, cloak ni joho, vazi la kujitanda lisilo na mikono. Ila cloak na clock kweli ni ndugu, yote yanatoka kwenye neno la Kilatini cha kati lenye maana ya kengele, joho kwa sababu ya umbo lake na saa kwa sababu zilikuwa zinapiga kengele.

Eti Marekani "coat check" ni ukaguzi wa makoti. Hakuna anayekagua kitu, kule "check" ni kukabidhi kitu kitunzwe upewe namba.

Na ninyi wa habari za kimataifa, mkisikia cloakroom ya Seneti au ya Baraza la Wawakilishi la Marekani msiandike maseneta walikutana kwenye chumba cha makoti. Kila chama, Demokrati na Republikan, kina chake pembeni ya ukumbi wa vikao, na ndo sehemu wanapumzika, wanapiga simu, wanaulizana kura itapigwa saa ngapi, wanapatana mambo ambayo ukumbini hayasemwi. Ukumbi wa Baraza ulianza kutumika 1857 na wa Seneti 1859, na majengo ya ofisi za wabunge yalikuja kufunguliwa 1908 na 1909, kwa hiyo miaka yote hiyo katikati wengi wao hawakuwa na ofisi pale bungeni na cloakroom ikawa moja ya sehemu chache za kukaa na kuongea. Mimi huwa naandika "chumba cha faragha cha wabunge wa chama fulani", ni refu lakini msomaji anaelewa nani alikuwa anaongea na nani.